Sauti ya Spika

Darasa lile la chuo cha mifugo lilikuwa limezeeka, lakini halikuwa limenyamaza. Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, simu ya Spika ilianza kutikisika juu ya meza kama kifaranga aliyefunikwa na bakuli. Habari zilikuwa za kila namna. Fulani kastaafu, sasa anafuga nyuki, na nyuki wenyewe hawampendi. Fulani kapata mjukuu wa kike mwenye masikio kama yake, maskini mtoto. Yule aliyekuwa akisinzia darasani amekuwa mheshimiwa, siku hizi anasinzia kwenye vikao. Mwingine katolewa mtoto wa jicho, mwingine kafiwa. Habari za msiba zilikuja na picha ya zamani, kijana mwembamba aliyevaa koti jeupe na kukumbatia ndama, na chini yake pole zikamiminika.

Na kila mara, baada ya pole au pongezi, lazima atokee mtu wa kuuliza: "Spika anasemaje?"

Spika alikuwa na la kusema siku zote. Ndilo lililompa jina. Chuoni alipanda juu ya benchi na kuendesha mjadala kuhusu chakula cha bwenini, mpaka mpishi mwenyewe akapiga kura ya kujifukuza. Kwenye kundi la simu nako, neno lake ndilo lililofunga mazungumzo. Siku mwenzao aliyeitwa Chanjo alipotangaza kwamba daktari amemkataza chumvi, Spika alimwandikia: "Usihuzunike. Miaka yote ya kazi umewalambisha ng'ombe chumvi. Sasa nenda ukawalambe wao." Watu walicheka, wengine wakapiga simu ili wacheke naye, lakini simu haikupokelewa. Spika hakuwa mtu wa kupokea simu siku hizi. Akiulizwa, alijibu kwa maandishi kwamba simu yake ni nzima ila imeota uziwi wa uzee.

Ukweli ni kwamba Spika hakuwa ameandika neno hilo wala jingine lolote tangu mwaka wa juzi. Aliyekuwa akiandika ni mke wake.

Mke huyo alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Chuo hakukisoma. Alikuwa amemfuata mumewe kituo hadi kituo, josho la kuogeshea ng'ombe hadi josho jingine, na cherehani yake juu ya gari la serikali. Alizijua hadithi za darasa lile kana kwamba alikaa kwenye benchi la nyuma. Mumewe alipoanguka bafuni akinyoa ndevu, kiharusi kilimkamata upande wa kulia na kuuzuia ulimi. Hospitali ilimrudishia mguu kidogo. Ulimi haukurudi. Herufi nazo zilimgeuka. Alizitazama kama mtu anavyotazama sisimizi wakipita. Aliloweza kulitamka lilikuwa neno moja tu, "basi." Chai ikiwa tamu, basi. Maji ya kuoga yakiwa ya moto mno, basi. Lakini kuelewa, alielewa kila kitu, na hilo ndilo lililomtesa.

Wiki aliyotoka hospitali, kundi lilikuwa linamuulizia. Mama Fundi alishika simu aandike habari ya ugonjwa. Mumewe akamdaka kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto. "Basi," alisema. "Basi, basi, basi." Machozi yalimlengalenga. Mkewe alielewa. Mtu aliyetambulikana kwa mdomo hakutaka watu wajue mdomo umekufa. Ndipo Mama Fundi, bila kujua anaanzisha nini, akaandika: "Nipo. Nimenyamaza ili na nyinyi mpate nafasi." Akamsomea. Upande mmoja wa uso wa mumewe ukacheka.

Ikawa ndiyo mazungumzo yao. Jioni, baada ya kumwogesha, alimsomea habari za wenzake kisha akamtajia majibu mawili achague, hili au lile. Spika akilipenda jibu aligonga meza kwa kidole. Asipolipenda, basi. Miaka mingi walikuwa wamekaa pamoja na yeye Mama Fundi akiwa msikilizaji. Sasa alijishangaa kuona kumbe na yeye anajua kuchekesha.

Jambo moja tu hakumsomea. Mwenzao mmoja, aliyeitwa Kwato kwa ukubwa wa miguu yake, alikuwa amefiwa na mke, akaanza kumwandikia Spika faraghani. Hakuandika mzaha. Aliandika kwamba akirudi nyumbani hukaa ndani ya gari mbele ya geti lake mpaka majirani wanachungulia. Aliandika kwamba watoto wanamwambia ajikaze, kana kwamba yeye ni nati. Mama Fundi alisoma, akaona si haki kumjibu mtu kama huyo kwa utani. Akamjibu kwa moyo wake, kwa jina la mumewe. Kwato akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku moja Mama Fundi alijikuta anaisubiri simu kuliko anavyosubiri wateja.

*

Njia ya mwongo ni fupi. Yao ilikomea siku Bi Maziwa, katibu wa darasa, alipotuma tangazo. Mwaka huu wangekutana, na safari hii hawangemwita Spika aende kwao. Wao wangemfuata mjini kwake. "Yeye ndiye aliyetuweka pamoja," aliandika. "Ukumbi umepatikana, Jumamosi mchana. Mshereheshaji ni Spika mwenyewe. Hakuna udhuru unaopokelewa."

Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la dawa, alikuja siku yake ya mapumziko na kumkuta mama yake akikata sare za shule huku mkasi ukienda upande.

"Mama, waambie."

"Baba yako hataki."

"Baba hataki, au wewe hutaki?"

Mama Fundi aliweka mkasi chini. "Mwanangu, unajua walivyomfanya pale kwa kinyozi? Kinyozi ananiuliza mimi, 'Huyu tumnyoe vipi?' Na yeye amekaa pale pale kwenye kiti. Huyu! Mtu aliyekuwa akifika kijijini watu wanachinja mbuzi kumpokea."

"Najua."

"Basi kwenye simu bado ni mtu. Ndiyo sehemu pekee iliyobaki."

"Mama," binti alisema kwa upole, "mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo kilishafika mlangoni hapa, kikatuona, kikarudi. Mimi sikiogopi. Naogopa watu."

Binti alikwenda barazani kumkata baba yake kucha. Mama Fundi alichukua simu akaandika kwamba Spika amepata safari ya ghafla. Akalifuta. Akaandika kwamba Spika ana mafua. Akalifuta na hilo. Mafua gani ya kumzuia Spika kusema?

*

Kwato hakusubiri Jumamosi. Alifika Ijumaa, amevaa shati la kupigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, viatu vyake vikubwa vikimtangulia. Mama Fundi alikuwa ndani na mteja, pini mdomoni, akimpima kiuno. Spika alikuwa barazani, kipande cha kitambaa kimefungwa shingoni kwa ajili ya uji, ndevu za siku kadhaa kidevuni.

"Hodi! Spika! Nimekuja kukutoa kwenye kiti kabla wenzako hawajafika!"

Mama Fundi aliisikia sauti, na ingawa hakuwahi kuisikia, aliijua ni ya nani. Alizitema pini mkononi akatoka. Alichelewa. Kwato alikuwa amesimama mbele ya kiti, mkono umenyooshwa, na mkono wa kuupokea haukuja. Spika alimtazama rafiki yake, akajaribu kukivuta kile kitambaa shingoni, kikakaza badala ya kufunguka. Akageuza uso ukutani.

"Basi," aliuambia ukuta.

"Ni kiharusi, shemeji," Mama Fundi alisema. "Karibu ukae."

"Pole. Pole sana. Tangu lini? Leo asubuhi?"

"Tangu mwaka wa juzi."

Kwato alikaa. Akainuka tena. Alikuwa na uso wa mtu anayejumlisha hesabu isiyokubali. "Shemeji, haiwezekani. Leo asubuhi nimemwandikia kwamba nimeanza safari, na amenijibu. Ameniambia nisimame njiani ninyooshe mgongo."

Mteja alichungulia mlangoni, gauni lisilo na mshono likiwa limemning'inia begani, kisha akarudi ndani taratibu.

"Nani alikuwa ananijibu?"

Mama Fundi angeweza kumtaja binti yake. Angeweza kusema Spika hutumia mkono wa kushoto. Alimtazama mgeni, akaona macho yaleyale aliyokuwa akiyafikiria kila asubuhi, na uongo ukamkataa.

"Mimi, shemeji."

"Yote?"

"Yote."

Kwato aliangalia chini, kwenye viatu vyake. Alipozungumza, sauti ilikuwa ya chini mno. "Mambo yale sikumwambia hata ndugu yangu wa tumbo moja. Nilimwambia mwanamume mwenzangu. Rafiki yangu tuliyelala naye chumba kimoja. Kumbe nilikuwa najivua nguo mbele ya mke wa mtu."

"Sikukucheka hata siku moja."

"Sikusema umenicheka."

Alimwendea Spika, akainama, akamshika bega. Spika hakugeuka. Kwato alisubiri kidogo, kisha akashuka ngazi za baraza na kwenda zake, akasahau hata kuaga. Mteja naye akaaga haraka, na bila shaka kabla ya jua kuzama mtaa mzima ulikuwa umeonjeshwa habari hiyo.

*

Mama Fundi aliporudi barazani, mumewe alikuwa amegeuka. Alimtazama mkewe, akaitazama simu iliyokuwa mfukoni mwa aproni. Akanyoosha kidole.

"Unataka nikusomee?"

Akagonga ukingo wa kiti.

"Ya Kwato?"

Akagonga tena, kwa nguvu.

Akavuta kigoda akakaa karibu na magoti yake, akasoma tangu mwanzo. Alisoma ya Kwato, akasoma na yake. Spika alisikiliza bila kusogea. Alisikia jinsi "yeye" alivyomwambia Kwato asione haya kukaa ndani ya gari, kwamba nyumba hutisha ikiwa sauti yake imeondoka. Alisikia jinsi "yeye" alivyoandika, bila kutaja ni nani, "Kwangu pia kumekuwa kimya. Mtu yupo, namwona, lakini nilizoea kugombana naye, na sasa nakosa wa kugombana naye." Hapo kope zake zikapepesa.

Kisha Mama Fundi akafika mahali na kunyamaza. Kidole chake kilikuwa juu ya kioo. Angeweza kuruka. Mumewe asingejua, herufi zilikuwa sisimizi. Spika akagonga kiti.

"Hapa Kwato anasema," alianza, "anasema mkewe alipozidiwa, kuna siku alitamani mambo yaishe. Yakaisha. Sasa anajiona ndiye aliyemwua."

Akagonga.

"Nami nikamjibu." Alisoma polepole, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma mbele ya mwalimu. "'Nimewahi kutamani hivyo hivyo. Nilikuwa nafua mashuka, nikasema moyoni, Mungu, mchukue tu. Si kwamba nilikuwa simpendi. Nilichoka kumwona hivyo, na nilichoka mwenyewe, usiniambie sikuchoka. Kisha nikaenda kumchemshia maji ya kuoga. Yote mawili yanakaa kwenye moyo mmoja, rafiki yangu, na moyo haupasuki.'"

Aliishusha simu mapajani. Hakuthubutu kuinua uso. Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa akipiga kengele ya baiskeli bila sababu. Mama Fundi alikuwa anasubiri lile "basi," na alijua likija safari hii atalielewa vizuri kuliko yote.

Kilichokuja ni kidole. Kiligonga mara moja, taratibu.

"Ndiyo nini?" aliuliza. "Umenisamehe?"

"Basi," Spika alisema, akatikisa kichwa kwa kukosa subira, kama alivyokuwa akitikisa zamani mtu asipoupata mzaha. Alijigonga kifuani kwa kidole kilekile. Kisha akagonga kiti.

Ilimchukua mkewe muda kulipata. "Na wewe? Na wewe ulitamani ufe?"

Akagonga.

"Lini? Siku ile ya bafuni? Ya kinyozi?"

Aligonga kwa ya bafuni, akagonga kwa ya kinyozi, akagonga tena na tena, mpaka mkewe akakishika kile kidole na kukifunika kwa viganja vyake. Walilia wote wawili, mchana kweupe, barazani, na aliyepita akapita. Kwa kipindi chote kile walikuwa wamefichana kitu kimoja, kila mmoja akidhani ni chake peke yake.

Walipotulia, Spika alielekeza kidole kwenye simu, akachora duara hewani. Kundi.

"Una hakika?"

Akagonga.

Mama Fundi aliandika: "Mimi ni mke wa Spika. Mume wangu alipata kiharusi mwaka wa juzi, hawezi kusema wala kusoma. Aliyekuwa akiwajibu ni mimi, kwa ridhaa yake. Faraghani nilijibu bila yeye kujua, na hilo ni langu. Kesho tutakuja, kama bado mnatutaka." Akamsomea. Spika akaupitisha ujumbe.

Kundi ambalo halikuwahi kunyamaza likanyamaza. Baadaye kidogo mmoja akajitoa. Kisha Chanjo akaandika: "Kwa hiyo aliyeniambia nikawalambe ng'ombe ni shemeji?" Na baada yake Bi Maziwa: "Viti viwili mbele."

*

Hawakupokewa kama kwenye hadithi. Ukumbini wengine walilia walipomwona Spika akikokota mguu, na kilio chenyewe kikamchosha kuliko ngazi. Chanjo aliinama akampigia kelele sikioni, "UNANIKUMBUKA?" mpaka Mama Fundi akamwambia, "Shemeji, masikio yake ni mazima, utayaziba na hayo ukiendelea hivyo." Watu wakacheka, kisha wakatazamana, wengi ndio kwanza walikuwa wameijua sauti iliyowachekesha. Mzee mmoja aliyevaa suti alikataa kuupokea mkono wa Mama Fundi. "Mama, umetusikiliza kama mwizi dirishani."

"Kweli," Mama Fundi alisema. "Naomba radhi."

"Haya," alisema yule mzee, lakini mkono hakuutoa.

Bi Maziwa ndiye aliyeshika nafasi ya mshereheshaji. Aliita majina ya utani kama walivyoitwa chuoni asubuhi, na kila aliyepo aliitika "Yupo!" kwa sauti ya kijana. Alipofika kwa Spika ukumbi ulitulia, wengine wakiangalia sakafu. Spika alipiga meza kwa kiganja cha kushoto, kishindo hata glasi zikaruka. Makofi yalilipuka. Bi Maziwa akaendelea, akafika kwa Kwato. Hakuna aliyeitika. Akaita tena. Kiti chake kilikuwa kitupu, na Mama Fundi alikiangalia mchana kutwa.

Baada ya siku ile, kundi halikuwa lile la zamani. Bi Maziwa alimwingiza Mama Fundi kwa namba yake mwenyewe, na watu wakasubiri mizaha. Haikuja kwa wepesi. Alipoandika kwa jina lake, maneno yalimtoka kama salamu za msibani. Wengine walimjibu kwa adabu, adabu ile inayochosha. Faraghani hakukuwa na kitu. Asubuhi simu ikitikisika alikuwa bado anashtuka, kisha anaona ni nyuki wa fulani.

Msimu wa sare za shule ulikuwa umepita, na mvua zimeanza, Kwato alipobisha hodi tena. Safari hii hakupiga kelele. Alisimama chini ya ngazi, koti limelowa mabegani.

"Shemeji."

"Shemeji. Karibu."

"Nilikasirika sana."

"Ulikuwa na haki."

"Niliyasoma tena. Nikawa natafuta mahali pa kukasirikia." Alijipangusa uso. "Sitakuandikia tena. Haifai, mimi na wewe tunajua haifai. Lakini yale maneno yalinitoa ndani ya gari. Hilo nimeona nije niliseme kwa mdomo."

Mama Fundi aliitikia kwa kichwa. Kulikuwa na jambo lililomuuma, na alijua litaendelea kumuuma, na alijua vilevile kwamba halikuwa lake kulidai.

"Nimekuja kwa mwenyewe," Kwato alisema. "Kama anataka."

Spika alikuwa ameshasogeza kiti kwa mguu wake mzima. Kwato akakaa. Hakupiga kelele, hakulia. Alivua viatu vyake vilivyolowa, akanyoosha miguu ile mikubwa, akaanza kusimulia habari ya shamba alilolinunua mwenzao mmoja na ambalo halioti kitu ila mawe. Spika aligonga kiti. Kwato akauliza, "Mawe, ndiyo. Au unataka kusema tulimwonya?" Akagonga tena. Wakacheka wawili, mmoja kwa uso mzima na mwingine kwa nusu. Kisha Kwato akashusha sauti na kusogea karibu, na ikaonekana wazi kwamba habari iliyofuata haikuwa ya shamba.

Mama Fundi alisimama mlangoni, mikono haijui la kufanya. "Uji wake uko jikoni," alisema. "Akikohoa, muinamishe mbele."

"Sisi tuliwanywesha dawa mafahali, shemeji. Nenda."

"Niende wapi?"

Walikuwa wameshazama kwenye mazungumzo yao. Alivua aproni, akachukua mwavuli, akashuka ngazi. Tangu kiharusi kile alikuwa hajawahi kutoka nyumbani bila mbio, sokoni ni mbio, dukani ni mbio, hata msibani. Alifika mwisho wa mtaa, mahali ambapo siku zote hukata kushoto kwenda dukani, akasimama. Jirani aliyekuwa akikinga maji ya mvua alimwita kutoka kwenye kibaraza chake.

"Mama Fundi! Kwema? Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kwema," alijibu. Akafikiri. "Sijui bado."

Akakata kulia.